CHOMBO CHAJENGEWA NYUMBA, MREMBO ASAFIRISHWA KWA MJOMBA!

UKIWASHA televisheni mwezi Januari, wakati wa mashindano ya tenisi ya Australia, siku ya mwisho utamwona bingwa wa wanaume akinyanyua kombe la fedha lenye vishikio vilivyosokotana kama mizabibu. Novak Djokovic amelinyanyua mara 10, mojawapo mwaka 2023. Kombe hilo lina jina la Norman Brookes, mkali wa zamani wa tenisi wa huko huko Australia, na limekuwa likitolewa tangu mwaka 1934. Bomba kweli! Lakini msomaji wangu, kombe lile ni kopi. Tena bingwa mwenyewe haondoki nalo. Anapewa kopi ndogo ya ile kopi akaiweke sebuleni kwake.

Kopi ya nini? Ndiyo habari niliyokuletea leo, na nakuonya mapema kwamba ina kasheshe ndani yake. Kuna mjomba, kuna mpwa, kuna kimwana, na katikati yao kuna chombo cha mawe ambacho kilipendwa kuliko mtu.

Chombo chenyewe ni cha marumaru, cha Warumi, na Waingereza wanakiita Warwick Vase. Ukikipima pamoja na kitako chake kinakaribia mita 3 kwenda juu. Vitabu vya zamani vya kuongoza wageni vilijisifu kwamba kinameza galoni 163, yaani zaidi ya mapipa 3 yale ya lita 200 tunayoyapanga bombani maji yakikatika. Umbo lake ni la vile vyombo vya kuchanganyia mvinyo, maana wazee wale hawakunywa mvinyo mkavu, walikuwa wanauzimua na maji kwanza. Hiki kwa ukubwa wake kilikuwa pambo tu la bustanini, lakini nakshi zake zote ni za ulevi. Kuna vichwa vya jamaa wa Bacchus, mungu wao wa mvinyo, kuna wazee wenye ndevu zilizovurugika, ngozi za wanyama wakali, na mizabibu iliyopanda mpaka ikawa vishikio. Kwa lugha yetu ya mjini, ni chombo cha watu wa kujirusha.

Vipande vyake viliibuliwa mwaka 1771 kwenye kinamasi karibu na magofu ya kasri la Kaisari Hadrian, huko Tivoli, jirani na Roma. Aliyevichimbua ni Gavin Hamilton, mchoraji wa Kiskoti. Aliyevinunua ni Hamilton mwingine, Sir William Hamilton, balozi wa Uingereza mjini Naples tangu mwaka 1764. Usiwachanganye. Huyu balozi alikuwa mgonjwa wa vitu vya kale. Mwaka 1772 mkusanyiko wake wa kwanza ulikwenda British Museum kwa kuuzwa, na hata kabla hajapoa akaanza kukusanya mwingine.

Vipande hivyo akawapa mafundi wa Roma. Penye pengo wakachonga marumaru mpya, wakaunganisha, wakasugua, mpaka kikasimama chombo kizima kama kimetoka dukani jana. Mchoraji maarufu Piranesi akakichora na kuchapisha picha zake, nazo zikasambaa Ulaya nzima. Kwa hiyo hata hicho wanachokiita orijino, sehemu yake isiyo ndogo ni kazi ya karne ya 18. Liweke hilo kichwani, litakusaidia mbele ya safari.

Mwisho wa yote chombo kikaangukia kwa mpwa wake Sir William, mtoto wa dada yake, aliyeitwa George Greville, Earl wa Warwick. Kikapakiwa melini, kikapelekwa Uingereza, kwenye ngome ya ukoo katikati ya nchi.

“UMENILETA KUONA FEKI?”

Ngome hiyo ya Warwick nimeikanyaga kwa miguu yangu. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea binamu yangu anayefanya kazi Birmingham, na kutoka pale si mbali. Mimi sikutaka minara wala mapanga. Nilitaka nyumba ya vioo iliyoko upande wa bustani, ile yenye madirisha marefu yanayotazama mahali tausi wanapokatiza na mikia yao kama mabibi harusi. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1786 kwa ajili ya kukiweka hicho chombo. Sikiliza tena: chombo kilijengewa nyumba yake!

Tukaingia. Kipo katikati, kimezungukwa na mimea, vishikio vyake vimejisokota vizuri. Binamu yangu akakizunguka mara mbili akitafuta pa kupigia picha. Nikamwambia, “Ila hii siyo yenyewe. Yenyewe iko Glasgow, hii ni nakala.”

Akasimama. “Dada, yaani umenilipisha nauli na kiingilio nije kuona feki?”

Kiingilio chenyewe si cha kitoto, hasira zake nilizielewa. Lakini neno lile sikulikubali, na hapo ndipo tulipobishana mpaka kwenye treni ya kurudi. Feki ninayoijua mimi ni ile raba ya Kariakoo iliyogongwa jina la kampuni kubwa, herufi moja imekosewa, muuzaji anakuapia kwamba imetoka Italia na mtoto wake afe. Pale kuna mtu anakudanganya usoni ili atoe hela mfukoni mwako. Kile chombo cha kwenye vioo hakimdanganyi mtu. Ngome inasema wazi kwamba ni nakala. Kimekaa pale kushika nafasi ya aliyeondoka, kama picha ya marehemu ukutani.

Binamu akasema mimi ni wakili wa kopi. Sawa, nakubali kazi hiyo.

SHABA INAPOZAA MARUMARU

Kwa miaka mingi Earl hakutaka chombo chake kitolewe nakala ya ukubwa kamili. Watu walikuwa wanafurika kukiona, wakubwa kwa wadogo, na mwenye mali anajua kwamba kitu kikiwa kimoja tu ndipo kinapoitwa kitu. Wenye tamaa wakajiridhisha na vidogo. Mfua fedha hodari wa London, Paul Storr, kuanzia mwaka 1812 alimtengenezea Mwanamfalme aliyekuwa akishikilia utawala vyombo vya namna hiyo vya fedha iliyopakwa dhahabu, vya kuweka chupa za mvinyo kwenye barafu mezani. Hapo angalau kazi ya ulevi ilirudi mahali pake.

Aliyemlainisha Earl ni Lord Lonsdale, tajiri mwenye mbwembwe zake. Huyu hakutaka kidogo. Alitaka cha ukubwa uleule, tena cha fedha tupu! Hebu piga hesabu ya kilo. Ruhusa ikatoka, kalibu zikachukuliwa chini ya usimamizi wa mchongaji William Theed, kisha Lonsdale akabadili mawazo. Pengine mhasibu wake alimtazama vibaya. Lakini kalibu zilikuwa zimeshatoka, na kalibu ni kama siri, ikishatoka hairudi. Ndipo shaba ikaingia.

Ninaposema shaba hapa sina maana ya shaba ya waya za umeme. Ni bronzi, ile ya medali ya mshindi wa tatu, shaba iliyochanganywa na bati. Mchanganyiko huo ukiwekwa kwenye moto unaokaribia nyuzi 1,000 unakuwa uji unaopenya kila kona, hata kwenye unywele wa ndevu za mzee mlevi. Lakini kabla ya kumimina kuna kazi. Fundi anaipaka marumaru kitu cha kuteleza ili plasta isigandie, halafu anabandika plasta kipande kwa kipande. Kalibu moja kubwa haiwezekani, maana vishikio na majani yamejikunja, ukiivuta itavunja au itavunjika. Vipande vyote vikikauka vinavuliwa na kupangwa upya, kama kuvua ganda la chungwa na kulirudishia umbo lake bila chungwa ndani. Katikati inawekwa kiini cha udongo ili tumbo libaki wazi, la sivyo utamimina tani za shaba usizokuwa na hela yake.

Kuna kitu kimoja kuhusu kazi hii ninakipenda sana. Shaba ikipoa husinyaa kidogo. Kwa hiyo kopi ya shaba, hata iwe nzuri vipi, hupungua nywele chache kuliko mama yake. Ukitoa kopi kutoka kwenye kopi, inapungua tena. Wataalamu wanatumia rula tu kujua nani kamzaa nani. Laiti watu tungekuwa na kipimo hicho, kesi ngapi za mirathi zingekwisha asubuhi moja!

Nakala mbili za shaba za ukubwa kamili ndizo zinazotajwa zaidi. Moja iko Windsor, ngome ya wafalme wa Uingereza, nyumba ambayo haina shida ya kununua orijino ya kitu chochote duniani. Nyingine iko Cambridge, kwenye majani mbele ya jengo la Senate House, inanyeshewa na mvua kama kuku wa kienyeji. Huko Birmingham kwa binamu yangu napo mwenye kiwanda mmoja, Edward Thomason, alitumia miaka kadhaa mwanzoni mwa karne ya 19 kutengeneza ya kwake ya metali kwa ukubwa uleule. Ilikuwa ni kutamba tu kwamba Birmingham inaweza. Nilipomwambia binamu hilo, ghafla akawa mtetezi wa kopi.

Na msomaji usidhani kopi ni ya mapambo tu. Huyu huyu Sir William Hamilton aliwahi kumiliki chombo kingine cha Kirumi, cha kioo cha bluu iliyokolea, ambacho leo kinaitwa Portland Vase. Mwaka 1845 mlevi mmoja aliingia British Museum akakipiga, kikawa vipande vipande. Mafundi waliokuwa wakikiunganisha walikuwa na cha kutazamia, kwa sababu mfinyanzi Josiah Wedgwood alikuwa ameshatoa nakala zake zaidi ya nusu karne nyuma. Kopi ikamsaidia mama yake kusimama tena.

SASA NJOO KWENYE UONGO WENYEWE

Kuna hadithi inayozungushwa kuhusu Warwick Vase, kwamba kati ya vile vichwa, cha mwanamke ni sura ya Emma, mke wa pili wa Sir William, eti mzee aliagiza mafundi wamweke pale kwa mahaba. Tamu sana, ila hesabu inakataa. Picha za Piranesi za chombo kikiwa kizima zilitoka mwaka 1778 kwa kuchelewa kabisa. Mwaka huo Emma alikuwa na miaka 13, mtoto wa marehemu mhunzi, wala Sir William alikuwa hajui kama yuko duniani. Labda mafundi wa Roma walikuwa wapiga ramli.

Lakini hadithi haikutokea hewani, maana Emma na chombo hiki walipita kwenye mikono ya ukoo mmoja. Yule Earl George Greville alikuwa na mdogo wake, Charles Greville, bwana wa mjini, nadhifu, mpenzi wa sanaa kama mjomba wake, na mfukoni hana kitu. Tangu mwaka 1782 Charles alikuwa akiishi na Emma jijini London. Binti alikuwa mrembo wa kutisha. Mchoraji George Romney alimchora tena na tena asichoke. Alikuwa anampenda Charles kwelikweli, amejifunza kuimba, kuandika vizuri na kupunguza matumizi kwa ajili yake.

Charles akapiga hesabu. Madeni yanamzidi, anatafuta mke tajiri, na hakuna baba mwenye mali atakayemwoza binti kwa kijana anayeishi na kimwana ndani. Mjomba wa Naples amefiwa na mke mwaka 1782, yuko peke yake, na hana mtoto wa kumrithi. Je, mjomba akimpenda Emma si mizigo miwili itakuwa imetuliwa kwa mkupuo mmoja? Barua zikaenda, barua zikarudi. Mjomba na mpwa wakaelewana juu ya mtu kama watu wanaoelewana juu ya kabati.

Emma akaambiwa anakwenda Naples kwa miezi michache tu, na kwamba Charles angemfuata. Alifika Aprili 26, 1786, siku anatimiza miaka 21. Mwenyeji wake alikuwa na miaka 55. Akawa anamwandikia Charles barua za kuomba, za kulia, za kutishia. Charles hakwenda. Hakuwa na mpango wa kwenda tangu siku ya kwanza.

Umeuona mwaka? Ni 1786. Mwaka uleule kaka mtu anajenga nyumba ya vioo ili chombo cha mjomba kisipate baridi, mdogo mtu anamtoa binti nyumbani kwa tiketi ya uongo kwenda kwa mjomba yuleyule. Mimi nilipoziweka tarehe hizo pamoja sikuzungumza kwa muda. Nilimsomea binamu, naye akasema neno moja ambalo mhariri hataliruhusu.

Sasa niambieni feki ni nani hapo. Shaba ya Windsor haijawahi kumwahidi mtu kwamba itamfuata.

Haki ya Mungu, Emma hakukaa chini alie milele. Alijifunza Kitaliano, akawa rafiki wa Malkia wa Naples, na akabuni maonyesho ambayo wageni walisafiri kuja kuyaona. Akiwa na shali tu na vazi jepesi, alikuwa akijigeuza kuwa sanamu moja baada ya nyingine za Wagiriki na Warumi zile zilizochorwa kwenye vyombo vya mumewe. Yaani na yeye alikuwa nakala, nakala inayopumua, na watu wakamshangilia kuliko marumaru. Septemba 6, 1791 Sir William alimwoa kihalali, bwana miaka 60, bibi miaka 26. Baadaye akaja Admirali Nelson, shujaa wa bahari mwenye jicho moja lisiloona na mkono mmoja, na hapo pakatokea penzi ambalo magazeti ya wakati ule yalilichapa mpaka wino ukaisha. Mtoto wao wa kike, Horatia, alizaliwa mwaka 1801, mume mwenye nyumba akiwa bado hai na anajua.

Sir William alifariki Aprili 1803. Mrithi wake mkuu akawa nani? Charles Greville yuleyule! Nelson akauawa vitani Trafalgar Oktoba 21, 1805. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameandika kuliomba taifa limtunze Emma. Taifa lilimfanyia Nelson mazishi ya kifalme, Emma halikumpa kitu. Ni kweli pia kwamba mwenyewe alikuwa mtumiaji, sherehe haziishi, kamari na pombe vimo. Mwaka 1813 alikuwa chini ya amri ya gereza la wadaiwa jijini London. Mwaka uliofuata akakimbilia Calais, ng’ambo ya pili ya bahari, na Horatia wake. Alifia hapo Januari 15, 1815, akiwa na miaka 49.

Chombo kiliendelea kukaa kwenye vioo. Mwaka 1978 ukoo ukaiuza ngome kwa kampuni ya Tussauds, wale wa sanamu za nta, na chombo nacho kikauzwa. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalikuwa yamekitolea macho. Uingereza ikapiga kelele, kibali cha kukitoa nchini kikazuiwa, michango ikakusanywa, na mwaka 1979 kikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Burrell huko Glasgow kwa karibu pauni 250,000. Makumbusho hayo yalifungwa kwa matengenezo makubwa, yakafunguliwa tena mwaka 2022, na kuingia ni bure. Ukipata safari ya Uskochi kakitazame, kisha utafute mahali marumaru ya zamani inapokutana na ya mafundi wa Sir William.

Kaburi la Emma hutalipata. Makaburi alikozikwa Calais yaliharibiwa zamani. Mwaka 1994 liliwekwa jiwe la kumkumbuka kwenye bustani ya Richelieu mjini humo, na ukishuka kwenye kivuko kutoka Dover ni mwendo mfupi tu.